Hao wanawake wakubwa, je, wana raha nyumbani kwao?

Mama mmoja wa upande wa Taveta ameniandikia barua ya kurasa tatu. Aliniomba nisimtaje jina, nami sitamtaja. Binti yake, kifunguamimba, alifaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne, akapewa nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu. Nyumba nzima ilishangilia kwa siku mbili. Siku ya tatu walikuja ami zake msichana, watu watatu, wakakaribishwa chai, wakanywa, kisha wakatoa lililowaleta. Kazi hiyo ni ya wanaume, walisema. Atasoma miaka mitano, atatafuta kazi miaka mingine, na kufikia hapo wenzake watakuwa wana watoto wawili watatu. Tena mwanamke akishapanda cheo hakai na mume. Afadhali abadilishe, asomee ualimu.

Baba wa msichana alikuwa amekaa papo hapo. Hakusema neno.

"Sifa za kina Wangari Maathai na wale majaji na magavana nazijua, nazisoma," mama huyo anaandika. "Mimi nataka kujua jambo moja tu. Hao wanawake wakubwa, je, wana raha nyumbani kwao?"

Naipenda barua hii kwa sababu inauliza jambo ambalo magazeti hayana desturi ya kulijibu. Sisi waandishi tumezoea kusema fulani ni "mwanamke wa kwanza" kuwa meya, jaji, rubani, waziri. Tunachapisha picha yake akitabasamu na shada la maua mkononi, basi, tumemaliza. Hatuulizi ni nani aliyebaki na watoto, mshahara ulikuwa kiasi gani ukilinganishwa na wa wanaume, wala mume alisema nini. Na hayo ndiyo mambo ambayo mama wa Taveta anayahitaji kabla ya ami hao kurudi kwa mara ya pili.

Basi tuanze na huyo Wangari aliyetajwa.

Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba aliingia shuleni kwa sababu kaka yake mkubwa, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akatafakari, akakubali. Swali moja tu la mtoto wa kiume. Ningependa baba yule wa Taveta aliyenyamaza asikie habari hiyo, kwani pengine yeye anaona kwamba kunyamaza ni kutopinga. Siku ile sebuleni, kunyamaza kwake kulikuwa kura ya nne.

Kutoka Ihithe Wangari alifika Loreto Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kwa mpango ule wa ndege uliosukumwa na Tom Mboya. Alirudi na shahada mbili za sayansi. Mwaka 1971 Chuo cha Nairobi kikampa shahada ya uzamifu katika anatomia ya wanyama, na hakukuwa na mwanamke mwingine Afrika Mashariki na ya Kati aliyekuwa ameifikia daraja hiyo. Hapo ndipo magazeti humaliza habari. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Wanawake waliofundisha chuoni hawakupewa marupurupu sawa na ya wanaume, ya nyumba kwa mfano, kwa hoja kwamba mwanamke aliyeolewa huishi katika nyumba ya mumewe. Wangari na rafiki yake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walilipigania jambo hilo mpaka wao wawili wakakubaliwa. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba hao wa kwanza walibebwa, muulize walibebwa na nani.

Sasa nije nyumbani kwake, maana ndiko tulikoulizwa.

Aliolewa mwaka 1969, akazaa watoto watatu. Mume aliingia Bunge mwaka 1974. Mwaka 1977, mwaka ule ule alioanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani kwa kupanda miti saba pale Kamukunji, waliachana, na mwaka 1979 kesi ya talaka ikaamuliwa mbele ya umma, huku waandishi wakijaa mahakamani. Alishindwa. Alipozungumza vibaya kumhusu jaji katika gazeti alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akakaa ndani siku tatu kabla ya kuachiliwa. Mume hakutaka aendelee kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja tu, Mathai ikawa Maathai, na kwa jina hilo la nyongeza ndilo dunia nzima inamkumbuka. Fedha zilimpungukia. Alichukua kazi ya kusafirisafiri na Umoja wa Mataifa, na ilibidi watoto wakae na baba yao kwa muda.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge huko Nyeri. Akazuiwa kugombea kwa hoja za uandikishaji wa wapigaji kura. Aliporudi chuoni alikuta nafasi yake imeshapewa mtu mwingine, na nyumba ya chuo akaamriwa aihame. Hesabu mwenyewe, msomaji: katika miaka mitano mwanamke huyo alipoteza mume, kazi na nyumba.

Kwa hivyo dada yangu wa Taveta, nakujibu bila kupaka mafuta. Miaka hiyo hakuwa na raha nyumbani.

Lakini je, kilichovunja nyumba ni ile shahada? Ami watasema ndiyo. Mwaka huo huo wa 1979 wapo wanawake wengi waliouza mboga sokoni, waliolima, waliofagia ofisi, ambao waume zao waliwaacha vilevile, na sijasikia hata siku moja mtu akisema kwamba kuuza sukumawiki kunavunja ndoa. Mwanamke maskini akiachwa, tunasema mume ni mbaya au ni mapenzi ya Mungu. Mwanamke msomi akiachwa, tunasema ni vitabu.

Wanasiasa walilijua hilo wakalitumia. Mwaka 1989 Wangari alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, wabunge walisimama wakalisema kundi lake kuwa ni la wanawake walioachwa na waume. Wala hawakueleza kama mwanamke aliyeachika haruhusiwi kuketi bustanini. Jengo halikujengwa. Leo familia za Nairobi zikienda pale Jumapili na watoto wao, hukaa kwenye nyasi zilizotetewa na mwanamke aliyetukanwa kwa talaka yake. Mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika, miti iliyopandwa na kina mama wa vijijini kupitia harakati yake ilikuwa imepita milioni 30.

Sasa niigeuze sahani upande wa pili, kwa sababu mfano mmoja haujengi hoja.

Grace Ogot alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza. Alitangaza redioni katika BBC huko London, akafanya kazi katika hospitali ya Maseno, kisha akaanza kuandika. Riwaya yake, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966, wakati ambapo wanawake wa Kiafrika waliochapishwa kwa Kiingereza waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Aliandika kwa Kidholuo pia, jambo ambalo wasomi wengi wa rika lake waliliogopa. Mwaka 1985 alishinda uchaguzi mdogo wa Gem, akawa mbunge na waziri msaidizi. Muuguzi, mtangazaji, mwandishi, mwanasiasa: ami wa Taveta wangesema nyumba ya mama huyo lazima iwe imeota majani.

Aliolewa mwaka 1959 na Bethwell Ogot, yule mwanahistoria mashuhuri. Walipata watoto wanne. Walikaa pamoja zaidi ya miaka hamsini, mpaka Grace alipofariki Machi 2015. Mume akamfuata Januari 2025. Nyumba moja, vitabu vya mke rafu hii, vya mume rafu ile.

Mimi sikuwa jikoni kwao, sijui nani alipika siku ya Jumamosi. Lakini jambo moja naliona kutoka mbali. Bethwell Ogot alikuwa na kazi yake aliyoiheshimu na kuheshimiwa kwayo, na mume wa namna hiyo haoni kwamba kila ngazi anayopanda mke ni ngazi anayoshuka yeye. Nawaambia wasichana wanaonisoma: mkichagua mchumba, msiulize tu kama anakubali ufanye kazi. Wengi hukubali, mshahara wanautaka. Uliza atafanya nini siku utakapopandishwa cheo kabla yake.

Kuna swali jingine linalowakuta hao wakubwa, nalo linahusu ndoa kuliko siasa: mwanamke aliyeolewa kwao ni wapi?

Joyce Laboso alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 2008 dada yake, Lorna, mbunge wa Sotik, alikufa katika ajali ya ndege, na Joyce akachaguliwa mahali pake. Mwaka 2013 akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, cheo ambacho hakuna mwanamke aliyekuwa amekishika. Alipogombea ugavana wa Bomet mwaka 2017 hawakusema hawezi kazi. Wangewezaje? Walisema ameolewa na Mluo, basi aende akaombe kura kwa mumewe. Cecily Mbarire wa Embu, aliyeolewa Busia, aliimbiwa wimbo huo huo. Na mwanamke akienda kweli kugombea kwa mumewe, ataambiwa yeye ni mgeni, arudi kwa baba yake. Mwanamume akioa Mtaita, Mmeru au Mgiriama, kwao hakubadiliki hata kidogo. Laboso alishinda, Mbarire naye akashinda ugavana mwaka 2022. Laboso hakumaliza muhula wake. Saratani ilimchukua Julai 2019, na waombolezaji walitoka kwa baba yake na kwa mumewe pia, kwa hivyo mwishowe alikuwa na kwao mahali pawili.

Wazazi walio na mabinti wa kuolewa mbali wangefaa kulifikiria jambo hili mapema. Shamba la binti liko wapi? Jina lake limeandikwa wapi? Sisemi mambo ya siasa sasa, nasema mambo ya nyumbani.

Na nikitaja shamba, siwezi kumpita Mary Okelo. Huyu hakupata kuwa maarufu kama wengine, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya benki, na benki haina nyimbo. Mwaka 1977 alifanywa meneja wa tawi la benki ya Barclays, Mwafrika mwanamke wa kwanza kupewa kiti hicho nchini. Akiwa pale mezani aliona kwa macho yake jambo ambalo wateja wengi walilijua kwa uchungu tu. Mwanamke alikuja na biashara inayokwenda, hesabu zake sawasawa, akaomba mkopo. Benki ikamuuliza dhamana. Dhamana ni hatimiliki. Hatimiliki ina jina la mume. Basi mkopo ukawa wa mume, hata kama mume hajui bei ya gunia moja la mahindi.

Okelo hakuishia kusikitika. Mwaka 1981 yeye na wenzake walianzisha Kenya Women Finance Trust, shirika la kuwakopesha wanawake. Baadaye shirika hilo likafuata mtindo wa vikundi: wanawake wanajuana, wanadhaminiana, mmoja akishindwa kulipa wenzake wanamsimamia. Hapo dhamana ikawa ni jina jema la mtu badala ya karatasi ya shamba. Kina mama wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kukaa katika mikutano hiyo, wakitoa shilingi zao huku mweka hazina akiandika daftarini, na pengine hawajui kwamba chanzo chake ni meneja mmoja wa benki aliyechoka kusema hapana. Tena yeye na mumewe ndio waliofungua shule ya Makini mwaka 1978. Kwa hivyo na hapa kuna nyumba iliyosimama, na juu yake kuna shule.

Upande wa tiba nitapita haraka, ingawa Profesa Miriam Were anastahili ukurasa wake peke yake. Daktari huyu alitoka hospitalini akaenda vijijini Kakamega katika miaka ya 1970, akawaonyesha wanavijiji kwamba vyoo, maji safi na chanjo ni kazi wanayoweza kuiendesha wao wenyewe, wakiwa na wahudumu waliowachagua wenyewe. Wahudumu wa afya tunaowaona leo wakipita nyumba kwa nyumba na mifuko yao ni wajukuu wa mawazo ya namna hiyo. Serikali ya Japani ilimpa tuzo ya Hideyo Noguchi mwaka 2008, mara ya kwanza ilipotolewa. Na yuko Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyehudumia mayatima wenye virusi vya ukimwi, na ambaye riwaya yake, The River and the Source, ilisomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima. Alifariki tarehe 21 Septemba 2011. Wangari akamfuata tarehe 25. Kwa sababu ya kishindo cha msiba wa pili, wengi hawakupata nafasi ya kumlilia wa kwanza.

Turudi kwenye uhandisi, maana ami wametoa hoja na hoja hujibiwa.

Mwaka 1995 Irene Koki Mutungi aliajiriwa na Kenya Airways kuwa rubani, wa kwanza mwanamke katika shirika hilo. Baba yake mwenyewe alikuwa rubani. Kwa miaka kadhaa alikuwa peke yake miongoni mwa wanaume, na wapo abiria walioshtuka kusikia sauti ya kike ikitangaza hali ya hewa kutoka mbele. Mwaka 2014 alikabidhiwa ndege ya Boeing 787, ile Dreamliner, akawa Mwafrika mwanamke wa kwanza kuwa kapteni wake. Ndege hiyo haikuuliza inaendeshwa na nani.

Na kwa uhandisi wenyewe hasa, yuko Gladys Ngetich. Msichana wa kijijini, kaunti ya Nakuru, alisomea uhandisi wa mitambo pale JKUAT, Juja. Kozi ile ile inayogombaniwa Taveta. Kutoka Juja alipata ufadhili wa Rhodes akaenda Oxford, na huko akachunguza namna ya kuzipoza injini za ndege zisiyeyuke kwa joto lake zenyewe. Kazi yake ilifanywa kwa ushirikiano na kampuni ya Rolls-Royce inayotengeneza injini hizo. Ami wakirudi, dada yangu, mkate hoja hiyo ya "kazi ya wanaume" kwa jina hilo moja, uwaongezee chai.

Hoja yao ya pili, ya miaka, ina uzito zaidi, na sitaidharau. Ni kweli uhandisi ni miaka mitano. Ni kweli kazi hazipatikani kwa urahisi, kwa wasichana na kwa wavulana. Lakini ualimu nao una foleni yake, wapo walimu waliohitimu wakakaa nyumbani miaka mingi wakingoja kuajiriwa na tume. Kumwondoa msichana katika foleni aliyoichagua na kumweka katika foleni aliyochaguliwa si kumpunguzia kungoja. Ila mama, kaa na binti yako mpige hesabu ya karo, chakula na malazi ya miaka hiyo yote kabla hajapanda basi, na baba awe mezani. Hesabu hiyo ikifanywa na watu wawili tu, wa tatu atapata kisingizio.

Kuhusu mabwana wanaosema wanawake wameshapata vyeo vyote, nitasema machache kwa kuwa yamesemwa mno. Grace Onyango, mwalimu, alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965 na mbunge mwaka 1969, wa kwanza kuchaguliwa. Waziri kamili wa kwanza mwanamke, Nyiva Mwendwa, aliteuliwa mwaka 1995. Miaka 26 baadaye! Effie Owuor aliingia Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti hicho kabla yake. Kiti cha Jaji Mkuu kilingoja hadi Mei 2021, alipoapishwa Martha Koome, mtoto wa familia ya watoto 18 huko Meru. Mwaka 1997 Phoebe Asiyo alileta hoja bungeni ya kuwatengea wanawake nafasi, ikaangushwa. Katiba ya 2010 ikasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, na mwaka 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza jambo hilo. Bunge halikuvunjwa. Mwaka 2022 tulichagua magavana wanawake saba kati ya 47, akiwemo Fatuma Achani wa Kwale, wa kwanza Pwani.

Hayo ni ya juu. Linalonikera mimi ni la chini, la kila siku, nalo ndilo jibu langu la mwisho kwa swali la raha ya nyumbani.

Tarehe 7 Agosti 2019 Zulekha Hassan, Mwakilishi wa wanawake wa Kwale, alikuwa na dharura nyumbani. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano na siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Akaingia naye katika ukumbi wa Bunge. Wabunge wakapiga kelele, akaamriwa atoke. Mtoto alitolewa kama mgeni asiyetakiwa, na wapo wabunge wanawake waliotoka pamoja naye. Watu walicheka, wengine walikasirika, magazeti yakapata picha, wiki ikapita.

Lakini fikiria, msomaji. Kama mbunge, mwenye gari na mshahara ule, alikosa siku moja mahali pa kumweka mtoto, je, karani, mwalimu, muuguzi wa zamu ya usiku, mhandisi kijana aliye kiwandani? Ndoa nyingi za wanawake wenye kazi hazivunjwi na vyeo. Zinachoshwa na jambo hili la nani yuko na mtoto saa nne asubuhi. Msichana wa kazi akiondoka ghafla, ni mama anayeomba ruhusa. Mtoto akichemka, ni mama anayepigiwa simu na shule. Akikosa kazini mara tatu, bosi anasema wanawake hawafai kupandishwa. Akikosa nyumbani mara tatu, mashemeji wanasema hafai kuwa mke. Ukiwauliza hao wakubwa siri ya kufika walikofika, wengi watakutajia mama yao, dada yao, au mama fulani aliyekaa na watoto wao miaka kumi na ambaye hakuna gazeti lililomwandika.

Sheria imejaribu. Zamani mama aliyejifungua alipewa miezi miwili, na mwaka huo alipoteza likizo yake ya kawaida, kana kwamba kujifungua ni kutalii. Sheria ya Ajira ya 2007 ilimpa miezi mitatu yenye mshahara na likizo yake ikabaki, na baba akapewa majuma mawili. Ningependa kujua ni akina baba wangapi huyatumia majuma hayo kushika mtoto. Kisha Sheria ya Afya ya 2017 ikamtaka mwajiri atenge chumba safi cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, si choo, na ampe mama muda wa kufanya hivyo mbali na muda wa chakula, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Miaka imepita tangu sheria hiyo ipitishwe. Niandikieni, kina mama mnaofanya kazi viwandani, madukani, shuleni, hospitalini na katika afisi za kaunti: mahali penu pa kazi chumba hicho kipo? Kina mlango unaofungika? Kama hakipo, maziwa mnakamulia wapi? Barua zenu nitazichapisha hapa bila majina, pamoja na majibu ya waajiri watakaojitokeza kujibu.